Kisulisuli cha bati: kutoka kinu cha unga hadi karakana ya Boko

Mtoto yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kutumwa mashineni na ndoo ya mahindi amekiona kifaa hiki, ila hakuna aliyemtajia jina lake. Mahindi yanamiminwa, mota inanguruma, na unga hautokei pale chini anapoutegemea. Unarushwa kwa bomba hadi kwenye ngoma ya bati iliyokaa karibu na paa, ngoma ambayo kwa chini imechongoka kama pia. Humo ndani unazunguka, unateremka ukizunguka, kisha unaangukia kwenye mfuko uliofungwa kwa kipande cha mpira. Hewa ndiyo inayopanda na kutokea juu, kwenye kitambaa kirefu kilichotuna kama kanzu iliyoanikwa penye upepo.

Hapa Boko, mashine ya kusaga na banda la seremala mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja tu. Mtaa unajengwa kila siku, na kila nyumba mpya inataka milango, fremu, kabati la jikoni na kitanda. Kwa hiyo nyuma ya nyumba nyingi utakuta banda la mabati lenye mashine ya randa, msumeno wa umeme na kijana aliyepauka toka nywele hadi kope. Upande wa mashine ya unga, vumbi limetiwa adabu kwa ngoma ya bati. Upande wa pili linakaa hewani kutwa nzima na fundi analivuta kifuani. Nimelitazama jambo hilo kwa miaka, na ndilo lililonifanya nitafute historia ya ile ngoma.

Ilizaliwa kwenye unga, si kwenye mbao. Unga uliotimka hewani huwaka kama petroli, na Ulaya ililijua hilo angalau tangu tarehe 14 Desemba 1785, unga uliporipuka kwenye ghala la mwoka mikate mjini Turin, Italia. Mkuu mmoja wa huko, Morozzo, aliliandikia taarifa tukio hilo, na taarifa yake inasomwa mpaka leo. Lakini somo zito lilikuja Marekani. Jioni ya tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha Washburn A mjini Minneapolis kiliripuka na kuua watu 18, na vinu vya jirani vikateketea pamoja nacho.

Wenye vinu wa wakati ule walikuwa wakipepeta unga kwa feni ili watenge pumba. Feni hizo zilisukuma vumbi jingi, na vumbi hilo lilipelekwa kwenye vyumba maalumu litulie lenyewe. Kila chumba kikawa baruti inayosubiri cheche. Mwaka 1885 John M. Finch alipewa hataza ya chombo cha kukusanya vumbi kwa kulizungusha, na haki zake zikawa za kampuni ya Knickerbocker ya Jackson, jimbo la Michigan. Mwaka uliofuata mchoro wa O. M. Morse, wa kampuni hiyohiyo, ulisajiliwa Ujerumani. Umbo lake halitofautiani sana na lile linaloning'inia leo juu ya mashine zetu za Manzese, Tandale na Boko.

Uzuri wake ni kwamba ndani hakuna kitu kinachozunguka isipokuwa hewa yenyewe. Hakuna panga la feni wala kitambaa cha kuziba. Hewa yenye vumbi inaingizwa kwa ubavuni, ikiambaa na ukuta wa ngoma. Umewahi kusimama ndani ya daladala likikata kona kwa kasi? Mwili wako hutupwa upande. Punje ya vumbi hutupwa vivyo hivyo: inagonga bati, inapoteza mwendo, inateleza kwenye pia hadi chini. Hewa isiyo na uzito wa kutosha kutupwa inajikunja chini kabisa na kupanda katikati, ikatokea kwenye bomba la juu. Bibi zetu walifanya kazi hiyo kwa ungo: walirusha mchele, upepo ukachukua makapi, uzito ukarudisha punje. Ngoma ya bati imeuchukua uzito na upepo uleule ikauzungusha.

Wazungu wameipa jina la kimbunga, yaani “cyclone”, neno walilotungiwa na Mwingereza wa Kalkuta, Henry Piddington, katika kitabu chake cha mabaharia cha mwaka 1848. Kwa watu wa pwani hii, ambao wazee wao walisimuliwa kimbunga kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja mwezi Aprili 1872, jina hilo ni zito mno. Mimi naiita kisulisuli, kama kile kipepo cha kiangazi kinachookota majani makavu uwanjani na kuyazungusha.

Kutoka kwenye unga kisulisuli kilihamia viwandani. Mwaka 1951 C. J. Stairmand, mhandisi wa kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza, alitoa vipimo ambavyo mafundi wa dunia nzima wanavitumia hadi sasa. Kwenye saruji kilipata kazi ya pili: visulisuli vikubwa hupangwa kimoja juu ya kingine katika mnara, unga wa mawe ukishuka na hewa ya moto ikipanda, na kila ngoma hutenga unga baada ya kuupasha joto. Sisi wa Boko hatuhitaji kusafiri kuona mnara wa namna hiyo. Kiwanda cha Wazo, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966, tunakiona tukiwa njiani kwenda Tegeta.

Viwanda vya kupasua mbao navyo vilikichukua mapema. James Dyson, Mwingereza aliyetajirika kwa mashine za kufyonza vumbi la nyumbani, aliipata fikra yake mwishoni mwa miaka ya 1970 alipokiona kisulisuli kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Alitengeneza vielelezo 5,127 kabla hajaridhika. Wengi huisimulia hadithi yake kama hadithi ya uvumilivu. Mimi hunigusa kwa jambo jingine: kitu kilichomilikiwa na kinu na kiwanda kwa miaka karibu 100 kiliweza kupunguzwa hadi kikaingia sebuleni. Kama kiliingia sebuleni, bandani kwetu kinashindwaje?

Hapo lazima turudi nyuma kidogo kwenye useremala wenyewe. Fundi wa zamani wa pwani, yule aliyechonga milango ya Unguja na Lamu, alifanya kazi kwa tezo, patasi, keekee na randa ya mkono. Tezo hutoa vibanzi. Randa ya mkono hutoa maranda yaliyojikunja kama utepe, yakaanguka miguuni na kufagiwa. Vumbi lilikuwepo, kwenye msumeno hasa, ila kasi ya mkono ina mpaka wake. Umeme ndio uliobadilisha mambo. Msumeno unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika na mashine ya kupiga msasa havitoi vibanzi, vinatoa unga, na sehemu ya unga huo ni laini kiasi kwamba jicho halioni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu liko chini ya mikroni 10, na lile baya zaidi chini ya mikroni 3. Unalifagia lile la sakafuni na kudhani umemaliza, kumbe lenyewe linaelea bandani saa nzima baada ya mashine kuzimwa.

Ushahidi wa madhara yake ni wa zamani kuliko mashine nyingi zilizopo Boko. Katika miaka ya 1960 Esmé Hadfield, daktari wa masikio, pua na koo katika mji wa High Wycombe, Uingereza, mji uliosifika kwa kutengeneza viti, aliona saratani ya ndani ya pua, isiyo ya kawaida, ikiwapata mafundi wa samani. Yeye na Donald Acheson walichapisha matokeo yao mwaka 1968. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Na kwetu je? Larama Rongo wa Muhimbili na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa karakana ndogo za mbao hapa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Waliyakuta mambo ambayo mafundi wa Keko na Buguruni wanayajua vifuani mwao: vumbi jingi, na dalili za ugonjwa wa njia ya hewa nyingi kuliko za watu wasiofanya kazi hiyo. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA. Lakini mkaguzi hafiki nyuma ya kila nyumba ya Boko. Mvule unawasha pua na macho, mninga unakereketa koo, na fundi anakunywa maziwa jioni akiamini yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Hayajawahi kufika kwenye mapafu.

Aliyekifikisha kisulisuli kwenye karakana za nyumbani, kwa maoni yangu, ni Bill Pentz wa California kuliko mtu mwingine yeyote. Alikuwa mpenzi wa useremala aliyeugua mapafu kwa vumbi la karakana yake mwenyewe, ingawa alikuwa tayari na mtambo wa kulivuta. Kilichomuumiza ni lile laini ambalo mtambo wake haukulikamata. Akajifunza upya, akachora ngoma iliyorekebishwa, na akaiacha michoro yake wazi kwa kila mtu. Tangu hapo maseremala wa nyumbani huko Marekani wamegawanyika makundi mawili: wanaonunua kisulisuli kidogo cha plastiki cha kuweka juu ya ndoo, na wanaojenga kikubwa cha bati.

Kile kidogo cha ndoo kina kazi yake. Ukiwa na mashine ya mkono ya msasa au ruta, kiunganishe na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, nacho kitauzuia mfuko wake usijae kila baada ya nusu saa. Ila kukitundika kwenye mashine ya randa ni kujidanganya. Randa inamwaga maranda kwa debe, na bomba jembamba kama la mashine ya kufulia halipitishi hewa ya kutosha. Kwa randa na msumeno wa meza unataka kile cha bati.

Nitatumia vipimo vya Stairmand kwa ngoma ya upana wa sentimita 40, ambayo inakaa vizuri kwenye banda la kawaida. Sehemu iliyonyooka iwe na urefu wa sentimita 60, ile pia ya chini yake iwe na urefu wa sentimita 100, na tundu la chini liwe nusu ya upana au pungufu kidogo. Bomba la kutolea hewa juu liwe sentimita 20, nalo lizame ndani hadi lipite chini ya mlango wa kuingilia, la sivyo vumbi litakata njia ya mkato na kutoka bila kuzunguka. Mlango huo uwe wa mstatili, sentimita 20 kwenda chini na 8 kwa upana. Eneo lake linakaribiana na la bomba la plastiki la inchi 6, lile linalouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya maji taka. Usipunguze hadi inchi 4 kwa sababu ya bei. Eneo linaporomoka hadi chini ya nusu, na hewa pamoja nalo.

Kosa linaloua visulisuli vingi liko chini kabisa, kwenye pipa. Feni, inayofungwa kwenye bomba la kutolea hewa, inavuta, haipulizi, kwa hiyo ndani ya ngoma hewa ni nyepesi kuliko nje. Tundu dogo kama la msumari kwenye mfuniko wa pipa linaingiza hewa kwa kasi, nayo inanyanyua vumbi lote lililotulia na kulipandisha juu. Mfuniko ufungwe kwa mpira, na pipa limwagwe kabla halijajaa. Maranda hayo ni mali: wafugaji wa kuku wa Boko na Bunju wanayataka kwa matandiko, mradi hayana vipande vya misumari wala mbao zilizotiwa dawa.

Bado lile vumbi laini. Kisulisuli kizuri hukamata karibu chote kinachoonekana, lakini sehemu ya kisichoonekana hupita na hewa. Mfuko wa kitambaa ndani ya banda utakirudisha puani mwako. Wamarekani wanaoishi kwenye baridi wanalazimika kununua vichujio vya gharama kwa sababu hawawezi kutupa nje hewa waliyoipasha joto. Sisi hatuna shida hiyo. Bomba lipande juu ya paa, litazame mbali na dirisha la jirani na kamba ya kuanikia nguo, na barakoa iendelee kuvaliwa wakati wa msasa.

Kuhusu umeme, mota ya nguvu farasi 2 inatumia takriban kilowati 1.5, yaani uniti moja na nusu ya LUKU kwa kila saa ya kuvuta. Siku ambayo randa imefanya kazi saa mbili, umetumia uniti tatu kulinda kifua chako.

Bati linapatikana, na mafundi wa kulikunja wapo. Hao wanaotengeneza ngoma za mashine za unga ndio haohao wa kukutengenezea wewe, kwa kuwa umbo ni moja. Ndugu fundi wa Boko, wa Bunju, wa Keko: siku yoyote wiki hii ingia kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwako, tazama juu, kisha muulize mwenyewe ni nani aliyemtengenezea ile pia.