Nakuru 037: Bili ya Simu na Kodi Zake

Nilikuwa karani wa hesabu katika duka la vipuri vya matrekta mjini Nakuru enzi za Shirika la Posta na Simu, na hakuna karatasi niliyoisoma kwa makini kama bili ya simu. Wakulima wa ngano wa Njoro, Molo na Rongai waliagiza diski za plau kwa simu. Msimu wa kulima, bili yetu ilipanda kabla hata ngano haijaota.

Bili ilikuja kwa sanduku la posta. Mstari wa juu ulikuwa ada ya kukodi laini, ambayo ulilipa hata kama hukuuinua mkono wa simu mwezi mzima. Chini yake zilifuata yuniti. Mita ya kila mteja ilikaa kwenye eksichenji, mbali na macho yake. Ukipiga simu ya hapa hapa mjini ilikwenda polepole. Ukipiga Mombasa ilikimbia. Hesabu ya mwezi uliopita iliondolewa katika ya mwezi huu, tofauti ikazidishwa kwa bei ya yuniti, basi. Bili haikueleza nani alipigiwa, wala saa ngapi. Simu zilizopitia kwa opareta ndizo pekee zilizoandikiwa tikiti.

Ndiyo maana simu nyingi za maofisini na majumbani zilitiwa kufuli. Ilikuwa kufuli ndogo, inapita kwenye tundu la kile kisahani cha kuzungusha nambari, na ufunguo wake ulilala mfukoni mwa mwenye bili. Vijana nao walikuwa na ujanja wao: waligonga kitufe cha kukatia simu, mara tatu kwa nambari tatu, mara saba kwa nambari saba, bila kugusa kisahani. Dukani niliweka daftari kando ya simu, kila mtu akaandika jina, nambari na dakika. Daftari hilo liliniambia mambo ambayo bili isingeniambia kamwe.

Mawasiliano ya waya yalifika huku pamoja na reli, ambayo ilifika Nakuru mwaka 1900. Baadaye posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kwa pamoja, na baada ya mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1967 makao makuu ya shirika hilo la pamoja yakawa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake. Bonde letu lilikuwa na nafasi ya pekee katika habari hii. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, na sauti za kwenda ng'ambo zikapitia kwenye sahani zake kubwa. Gilgil nako kulikuwa na kiwanda cha vifaa vya simu. Watu wa Nakuru hawakuwa walipaji bili tu. Baadhi yao waliishi kwa mshahara uliotokana na simu hizo.

Kodi iliingia hatua kwa hatua. Kodi ya mauzo ilianza nchini mwaka 1973, VAT ikachukua nafasi yake mwaka 1990. Mwaka 1999 shirika liligawanywa: barua zikaenda Posta, simu zikaenda Telkom Kenya, na usimamizi ukapewa tume ambayo sasa ni Mamlaka ya Mawasiliano. Nambari nazo zikabadilika, Nakuru ikatoka 037 ikawa 051, Naivasha ikatoka 0311 ikawa 050. VAT ilishuka kutoka asilimia 18 hadi 16 mwaka 2003, na isipokuwa miezi ya korona mwaka 2020 ilipokuwa 14, imebaki hapo. Ushuru wa bidhaa ulianzia kwenye simu za mkononi kwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2018 ikaupandisha hadi 15 na kuigusa simu ya mezani pia. Mwaka 2021 ukawa 20, mwaka 2023 ukarudishwa 15.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia. Ushuru wa bidhaa hutozwa kwanza, kisha VAT hutozwa juu ya bei pamoja na ule ushuru. Yaani unalipia kodi juu ya kodi. Huduma ya shilingi 100 inakuwa 115, halafu 133 na senti 40. Igeuze hesabu: ukinunua kredo ya shilingi 100 leo, huduma yenyewe ni karibu shilingi 75. Ushuru unachukua 11 na senti 24, VAT 13 na senti 79. Mama muuza mboga wa sokoni anayenunua kredo ya shilingi 20 anakatwa sehemu ile ile, robo nzima.

Wamarekani wanajua mambo haya. Kodi yao ya simu ilianzishwa mwaka 1898 kugharamia vita na Hispania, ikafutwa, ikarudi, na asilimia 3 bado iko kwenye simu za mezani za karibu. Lakini imeandikwa kwenye bili, mstari wake peke yake, ndipo wakapata cha kubishania mahakamani hadi mwaka 2006 ilipoondolewa kwenye simu za masafa.

Sisi tumekwenda kinyume. Enzi za mita, simu zilifichwa na malipo yakaonekana. Siku hizi simu yako inakuonyesha kila uliyempigia, saa na sekunde, ila kodi imezama ndani ya kredo. Kwangu huo ni upotevu mkubwa kuliko kuibwa kwa nyaya za shaba, kwa sababu mlipa kodi asiyeiona kodi yake hawezi kumuuliza mbunge wake swali la maana.

Ninaiomba Mamlaka ya Mawasiliano iyatake makampuni yote ya simu yaandike, katika ule ujumbe mfupi unaothibitisha ununuzi wa kredo, viasi vitatu: huduma, ushuru wa bidhaa na VAT.