Kamyo zilisimama ku Lufira

Bandugu, huku Karavia kamyo mupya ya jeshi ikipita, kila mutu anahesabia magurudumu. Mimi naulizaka: na daraja je?

Mwisho wa Disemba 1962 Brigedia Noronha, Muhindi wa ONU, alitoka na askari wake Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu, kwenda Jadotville, leo Likasi. Watu wa Tshombe walikuwa wamebomoa madaraja ya Lufira. Askari wakavuka kwa miguu, na silaha nyepesi. Magari mengi yakabaki nyuma. Tarehe 3 Januari 1963 wakaingia Jadotville.

Kamyo ya depanaje inavuta yenye imekwama ku potopoto. Mbele ya mto wenye hauna daraja, haina kazi. Sisi ba agronomia tunaijua hii: mahindi ya Bunkeya nayo yanangojaka njia.