Bluu ya Austria si bluu ya Canada: Fahamu rangi za miteremko kabla hujavaa skii

Kwa mtu aliyekulia Ngerengere, ukisema mlima anageuza shingo kuelekea Uluguru. Mlima kwake ni ukungu, migomba na njia ya udongo mwekundu. Theluji haimo kabisa kwenye picha hiyo.

Lakini vijana wa Morogoro siku hizi wametapakaa. Kuna aliyepata chuo Ujerumani, kuna anayepiga kazi Dubai, kuna aliyemfuata dada yake Canada. Na msimu wa baridi ukifika, mwaliko nao unakuja: "Wikiendi tunaenda kuteleza kwenye theluji. Usiogope, tutakuweka kwenye bluu, ni rahisi."

Swali la kuuliza kabla hujakubali ni moja: bluu ya wapi?

Miteremko ya skii duniani kote huwekewa alama kuonyesha ugumu wake, na alama hizo ziko kwenye ramani ya mlima, kwenye vibao na kwenye nguzo za pembeni. Tatizo ni kwamba hakuna chombo kimoja cha dunia kinachozipanga. Rangi moja inaweza kuwa ya wanaoanza katika nchi hii na ya wazoefu kiasi katika nchi ile.

Ulaya: rangi nne, au tatu

Ufaransa, Hispania na nchi za Skandinavia kama Norway na Sweden zina rangi nne. Kijani ni kwa anayeanza, bluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati kwenda juu, na nyeusi ni ya wataalamu.

Ukivuka kwenda Ujerumani, Austria, Uswisi au Italia, kijani kwa kawaida hukioni. Ngazi ya kwanza rasmi pale ni bluu. Kwa hiyo mtu aliyejifunza Ufaransa kwenye kijani, akifika Austria akaona bluu ndiyo rahisi kuliko zote, asidhani wamemwekea kitu kilekile kwa rangi nyingine. Huenda ni kigumu zaidi ya alichozoea. Kwa anayeanza kabisa, huko hutengwa eneo dogo karibu na shule ya skii, mara nyingi lenye mkanda unaokubeba taratibu kukurudisha juu. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama marafiki zako wamekwisha kupanda.

Asilimia zinasemaje

Ujerumani na Austria zinatumia viwango vyenye namba. Mteremko wa bluu usizidi asilimia 25, mwekundu usizidi 40, na unaovuka hapo ni mweusi. Vipande vifupi vilivyo wazi vinaruhusiwa kuzidi kidogo.

Asilimia 25 maana yake nini? Ukienda mbele mita 100 kwa usawa wa ardhi, unakuwa umeshuka mita 25. Kwenye karatasi inaonekana kidogo. Ila fikiria barabara ya lami: ikiwa na mteremko wa asilimia 10 tu, dereva wa lori anashuka kwa gia ndogo na anaomba breki zisichemke. Waliopita Kitonga wakiwa kwenye basi wanajua hali inavyokuwa. Sasa bluu, ile "rahisi", inaweza kuwa mara mbili na nusu ya hiyo, na wewe huna breki. Una vipande viwili virefu chini ya miguu na kinachokusimamisha ni ujuzi wako.

Kingine kinachowachanganya wengi: asilimia 100 siyo ukuta uliosimama wima. Ni nyuzi 45. Asilimia 40, pale nyeusi inapoanza, ni kama nyuzi 22. Mteremko maarufu wa Harakiri huko Mayrhofen, Austria, una asilimia 78, yaani nyuzi 38 hivi, na unatosha kumfanya mzoefu asimame juu na kufikiria maisha yake. Jina lenyewe limechukuliwa kwenye neno la Kijapani la kujiua. Hawakuficha.

Marekani na Canada: maumbo

Ng'ambo ya Atlantiki wanatumia rangi pamoja na maumbo. Duara la kijani ni rahisi, mraba wa bluu ni wa kati, almasi nyeusi ni ngumu, na almasi mbili nyeusi ni kwa wataalamu tu. Mfumo huu ulipitishwa na chama cha maeneo ya skii cha Marekani mwaka 1968, na kampuni ya Disney, wale wa katuni, ndiyo iliyokuwa imefanya utafiti wa maumbo gani watu wanayaelewa haraka. Wakati huo ilikuwa na mpango wa kujenga kituo cha skii California, ambacho hakikujengwa.

Ona tofauti sasa. Bluu ya Canada ni daraja la pili. Nyekundu haipo. Aliyezoea bluu ya Austria kama mahali pa kuanzia, akijipeleka kwenye mraba wa bluu Canada kwa kujiamini, anaweza kukuta shughuli.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Amerika Kaskazini kila mlima unajipima wenyewe. Almasi nyeusi maana yake ni "ngumu kuliko mingi hapa kwetu", si ngumu kuliko ya jirani. Kilima kidogo kina almasi yake, na mlima mkubwa wa Rocky una yake, na hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kwa mtu wa Morogoro hili si geni. Mwenyeji wa Uluguru anayeshuka kila siku na tenga la mboga kichwani akikwambia njia "ni ya kawaida tu, unafika sasa hivi", hakudanganyi. Anapima kwa miguu yake. Mgeni kutoka bondeni anafika juu ulimi nje, anaapa harudi tena.

Japan nao wana yao: kijani, nyekundu, nyeusi. Hapo nyekundu ndiyo ya kati, na bluu kwa kawaida haipo.

Dubai: mlima ndani ya duka

Kwa Watanzania wengi theluji ya kwanza haitakuwa Ulaya. Itakuwa Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, iliyofunguliwa mwaka 2005. Kuna miteremko mitano ya ugumu tofauti, mrefu kuliko yote una mita 400, na kutoka juu hadi chini kimo kinashuka kama mita 60. Jumba hilo lilijitangaza kuwa na mteremko mweusi wa kwanza duniani ulio ndani ya jengo.

Piga hesabu: mita 60 kwa mita 400 ni wastani wa asilimia 15. Ni wastani, kuna sehemu kali zaidi, lakini inakupa picha. Mtu aliyeshuka mweusi wa Dubai akarudi mtaani kutamba, ana haki yake ya kutamba. Asije tu akaichukua hiyo kama cheti cha kwenda kwenye nyeusi ya Alps, ambako mteremko unaweza kuendelea kilomita nzima, una barafu, upepo na ukungu, na hakuna paa.

Wanaopenda karibu zaidi, Lesotho kuna Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni kati ya Juni na Agosti, na mteremko mkuu una urefu wa kama kilomita moja. Kuna sehemu ya wanaoanza pia.

Na kabla mtu hajasema skii haituhusu: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kilimanjaro na kutumia skii kushuka. Barafu ya Furtwängler iliyoko kileleni ina jina la huyo wa kwanza. Haikuwa na rangi wala nguzo.

Italia, rangi ni sheria

Sehemu nyingi rangi ni ushauri: ukijipeleka pasipo saizi yako, ukavunjika, ni juu yako. Italia wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya usalama kwenye michezo ya theluji inasema miteremko myeusi, yenye zaidi ya asilimia 40, ni ya watu wenye uwezo mkubwa wa mwili na ufundi pekee. Tangu Januari 2022 kila anayeteleza lazima awe na bima ya kulipia madhara atakayomsababishia mwingine, na tangu Novemba 2025 kofia ngumu ni lazima kwa rika zote.

Hata nje ya Italia, suala la bima lisikupite. Bima nyingi za kawaida za safari hazihusishi skii mpaka uiongeze na kuilipia. Nyingine zinakulinda ukiwa ndani ya miteremko iliyowekewa alama, ukitoka nje ya nguzo umejitoa mwenyewe. Helikopta ya uokoaji na upasuaji wa goti Ulaya ni hela ya kununua kiwanja, tena si cha pembezoni. Soma maandishi madogo, au mpigie wakala aliyekuuzia umuulize neno moja moja.

Uswisi utakutana pia na alama za njano. Hizo ni njia zilizowekewa alama na kulindwa dhidi ya maporomoko ya theluji, lakini hazisawazishwi kwa mashine na hazikaguliwi kama miteremko ya kawaida. Anayeanza aziache.

Rangi isichokwambia

Rangi hupangwa kwa umbo la mlima, haibadiliki na hali ya hewa. Bluu ya saa 3 asubuhi, theluji ikiwa imeganda usiku kucha, inateleza kama sahani iliyopakwa mafuta. Bluu hiyohiyo saa 9 alasiri imelainika, ina vichuguu, na imejaa watu waliochoka. Ajali hazichagui rangi.

Upana nao haumo. Bluu inaweza kuwa kinjia chembamba chenye korongo upande mmoja, na mwekundu ukawa uwanja mpana usio na shida. Na mara nyingine lifti inakufikisha kileleni ambako njia zote za kushuka ni nyekundu. Kwa hiyo kwenye ramani, kabla hujakaa kwenye kiti cha lifti, fuata kwa kidole njia yote hadi chini. Muulize mhudumu: "Nikipanda hapa, kuna njia rahisi ya kurudi?" Watu wa pale wanaulizwa hilo kutwa nzima, hawatakushangaa.

Kanuni nyingine inayofuatwa kimataifa: aliye mbele yako, chini, ndiye mwenye haki ya njia. Wewe unayetoka juu ndiye unayemwona, wewe ndiye wa kumkwepa.

Umeshajikuta pabaya?

Sogea pembeni, pale wanaotoka juu wanakuona, si nyuma ya tuta. Usiharakishe kuvua skii sehemu kali yenye barafu, kwa sababu viatu vyake ni vigumu kama ndoo na vitateleza kuliko skii zenyewe. Weka skii zikatize mteremko, shuka kwa ubavu kidogo kidogo. Kama uko bado juu karibu na kituo cha magari ya kamba, nenda kwa mhudumu uombe kushuka nayo.

Ukiumia, au mwenzako akiumia, simika skii mbili kwa kupishanisha kama alama ya X juu kidogo ya majeruhi, ili wanaoshuka waone. Piga 112, namba ya dharura inayofanya kazi nchi nyingi za Ulaya. Watakuuliza uko wapi, na hapo angalia nguzo iliyo karibu. Ufaransa, kwa mfano, nguzo zina rangi ya mteremko, jina lake na namba, na namba hizo hupungua kadiri unavyoshuka. Wasomee vyote vitatu.