Lafudhi ya Kuazima: Benson Wanjau, Mzee Ojwang' na Kiswahili cha Bara



Historia ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huandikwa kwa kufuata vitabu. Tunaanzia Pate na Lamu kwa watunzi wa tendi, tunateremka Mombasa kwa Muyaka, tunaitaja Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 na kazi yake ya usanifishaji, kisha tunaishia kwenye riwaya na tamthilia zinazotahiniwa shuleni. Njia hiyo ni halali, nami nimeifundisha kwa miaka mingi. Walakini inamwacha nje mtu ambaye, kwa wengi wetu tuliolelewa bara, ndiye aliyetufunza kuwa Kiswahili chaweza kuchekesha. Huyo ndiye ninayependa tumzungumzie jioni hii.

Jina lake ni Benson Wanjau. Alizaliwa mwaka 1937, akafariki tarehe 12 Julai 2015. Wakenya wengi waliomlilia hawakuwa na mazoea ya jina hilo; wao walimjua kama Mzee Ojwang'. Alianza kujulikana katika televisheni ya Sauti ya Kenya miaka ya 1980, kwanza katika kipindi cha Darubini, kisha katika Vitimbi, ambamo alidumu kama mume wa Mama Kayai na mwenye nyumba asiyekosa neno la kusema. Tukumbuke hali ilivyokuwa. Sauti ya Kenya, iliyobadilika kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, haikuwa na mshindani katika televisheni mpaka KTN ilipoanza mwaka 1990. Mwenye televisheni hakuwa na pengine pa kugeukia, na jirani asiyekuwa nayo alibisha hodi mapema akapate pa kuketi. Kwa hiyo mwigizaji wa Vitimbi hakuwa na hadhira ya tabaka moja wala ya kabila moja.

Sasa nije kwenye jambo linalomhusu mwanaisimu. Mzee Ojwang' alikuwa Mjaluo. Benson Wanjau alikuwa Mgikuyu.

Watazamaji wengi waliligundua hilo baada ya miaka, na wengine hawakulisadiki. Hebu tuitazame kazi yenyewe aliyokuwa akiifanya mtu huyu kinywani mwake. Msemaji wa Kigikuyu anapojifunza Kiswahili hukutana na vikwazo vinavyofahamika. Lugha yake ya kwanza haitofautishi l na r, na b, d na g zake huandamana na unazali, kiasi kwamba baba huweza kutoka kama mbamba. Sauti sh haimsumbui; pengine hata huitia pasipo pake, panapohitajika ch. Mjaluo yu kinyume chake karibu katika kila jambo. Lugha yake si ya Kibantu bali ni ya Kinailoti. Hutenganisha l na r bila taabu, hutenganisha b na mb bila taabu, ila sh na z hazimo katika Kijaluo, basi shamba huwa samba na zaidi huwa saidi. Juu ya hayo kuna irabu zinazogawanyika katika makundi mawili yanayofuata upatanifu wake, na kuna kiimbo ambacho msikilizaji wa Kenya hukitambua hata kabla ya kulisikia neno zima.

Kwa hiyo Wanjau hakuwa na nafasi ya kuongeza chumvi tu juu ya lafudhi aliyokuwa nayo. Ilimbidi ayazuie makosa ya kwao, ajifunze makosa ya wenziwe, na ayatumie kwa utaratibu usiovunjika, huku akihakikisha kuwa mtoto wa Garissa na bibi wa Malindi wanamwelewa. Mpaka huo wa mwisho ndio ninaoustahi zaidi. Ukimsikiliza kwa makini utaona kuwa ugeni wake uko katika matamshi na kiimbo. Muundo wa sentensi hubaki Kiswahili ambacho mtazamaji wa popote anaweza kukifuata. Tunapowafundisha wanafunzi tofauti ya kiwango cha fonolojia na kiwango cha sintaksia, mfano huu ni bora kuliko mingi iliyomo katika vitabu vyetu.

Hakuwa peke yake. Mary Khavere, aliyeigiza Mama Kayai, ni Mluhya. Ndiyo kusema kwamba nyumba ya Kijaluo iliyojulikana zaidi katika televisheni ya Kenya iliendeshwa na Mgikuyu na Mluhya, kwa Kiswahili. Sijui ni nchi ngapi zinazoweza kujigamba kwa mpango wa namna hiyo.

Kwa nini jambo hili lilishika wakati ule? Nataja mambo mawili. Novemba 1977 maonyesho ya Ngaahika Ndeenda kule Kamirithu yalipigwa marufuku, na mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Jukwaa la wananchi likawa mahali pa hatari. Kichekesho cha televisheni ya serikali hakikuweza kusema yaliyosemwa Kamirithu, wala hakikujaribu. Lakini kiliruhusiwa kuishi, na kwa kuishi kikawapa waigizaji wa Kiswahili kazi ya kila wiki ambayo jukwaa halikuwapa. La pili ni shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Watoto wa bara walianza kukutana na lugha hii kwa njia ya wino mwekundu: ngeli imekosewa, l imegeuka r, alama zimepunguzwa. Mchana mwalimu alimwambia mtoto kuwa matamshi ya babake ni kosa. Jioni mtoto huyo huyo alimwona mzee mwenye matamshi yenye dosari za aina hiyo akiwa ndiye mwenye kauli, mwenye kisa, anayengojewa na nyumba nzima.

Najua pingamizi litakalotolewa, na limekwisha kutolewa mara nyingi: kwamba huo ulikuwa mzaha juu ya Wajaluo, na kwamba lafudhi ya mtu si kitu cha kuchekwa. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Vichekesho vya redio na televisheni vya Kenya vimewatumia mno Mluhya mlafi, Mkamba mlinzi na Mgikuyu mpenda pesa, na mwandishi mvivu akiishiwa na kisa hukimbilia lafudhi. Hata Vitimbi haikuepuka hilo nyakati zote. Lakini napambanua baina ya mwigizaji anayeonyesha lafudhi na anayeishi ndani yake. Wa kwanza husimama kando ya mhusika akituashiria tucheke pamoja naye. Wanjau hakusimama kando. Mzee Ojwang' alikasirika, alidanganya, alinaswa katika hila zake na kuona haya, yote hayo kwa lafudhi ile ile, mpaka sikio likaacha kuisikia kama kioja na kumsikia mtu. Kumlinganisha na Amri Athuman wa Tanga, King Majuto, kunasaidia hapa. Majuto, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki Agosti 2018, hakuazima lugha ya mtu. Kiswahili kilikuwa chake tangu utotoni, na ucheshi wake ulitoka katika tabia ya mhusika. Wanjau alianza mbali zaidi, kwa njia ya ulimi, lakini naona walikutana mahali pamoja.

Kuna wakati jambo hili lilitoka katika mchezo. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007 watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao, kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Katika wiki hizo jina la mtu na namna anavyotamka neno viliweza kumweka hatarini. Mgikuyu na Mjaluo walitazamana kwa hofu katika mitaa ile ile walikokuwa wakiitazama Vitimbi pamoja. Sitadai kwamba kichekesho kilimwokoa mtu yeyote. Nasema tu kwamba kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya hapo kulikuwa na Mgikuyu aliyependwa kote nchini akiwa Mjaluo, naye hakuacha kuwa hivyo baada yake.

Katiba ya mwaka 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 7 haitaji lafudhi.

Miaka ya mwisho ya Wanjau haikuwa mepesi. Macho yalimsumbua, na habari zilipotangazwa watu walichangishana ili atibiwe, jambo lililotutia furaha na aibu kwa pamoja, kwa maana mtu aliyefanya kazi miaka 30 katika kipindi cha taifa hakupaswa kungoja mchango. Alizikwa Lang'ata, Nairobi.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Tamthilia iliyochapwa ina matini. Unaichukua maktabani, unanukuu ukurasa. Uigizaji wa Wanjau hauna matini. Sijaona bado kipindi hata kimoja cha Vitimbi kilichonukuliwa kwa hati za kifonetiki na kuwekwa wanapoweza kukisoma watafiti wengine. Baadhi ya vipindi vinapatikana kwenye intaneti. Anayetaka kuanza aanze na sh na z, ahesabu ni mara ngapi mzee alijisahau, na katika kujisahau huko ni Kigikuyu kilichojitokeza au Kiswahili sanifu.