Muthiga: Jinsi gome la mti wa dawa linavyopimwa katika maabara

Mti unaojulikana na wanasayansi kama Warburgia ugandensis, ambao Wakikuyu huuita muthiga na Wamaasai osokonoi, ni miongoni mwa miti ya dawa inayosifika mno Afrika Mashariki. Gome lake, kali kama pilipili, hutafunwa na maji yake kumezwa ili kutuliza kikohozi, maumivu ya tumbo na ya meno, au huchemshwa kwa ajili ya wagonjwa wa malaria. Mwaka 1976, Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu kuhusu mimea ya dawa ya eneo hili. Hata hivyo, sifa si ithibati.

Upimaji huanza na jambo linalopuuzwa mno: kuutambua mti barabara. Tawi lenye majani na maua hukaushwa na kuwekwa katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, ili mtafiti mwingine aweze kuhakikisha ni mti upi uliopimwa. Bila kielelezo hicho, takwimu zote zinazofuata ni porojo.

Kisha gome hukaushwa kivulini, husagwa, na unga wake hulowekwa katika vimumunyo mbalimbali, mathalani maji, methanoli na heksani. Kila kimumunyo hutoa kemikali zake. Mganga huchemsha gome kwa maji, ilhali kemikali kali za muthiga hupenda zaidi vimumunyo visivyo maji. Kwa hivyo, dondoo la methanoli likiua vimelea, hilo halithibitishi nguvu ya kikombe anachokunywa mgonjwa. Tofauti hii aghalabu husahauliwa habari zinapofika magazetini.

Dondoo hutiwa kwenye kijiduara cha karatasi kinachowekwa juu ya rojorojo iliyopandwa vimelea. Likifaulu, eneo lisiloota kitu hutokea kukizunguka. Papo hapo huwekwa kijiduara chenye dawa inayojulikana, na kingine chenye kimumunyo kitupu, maana kimumunyo chenyewe chaweza kuua. Baadaye hupimwa sumu, kwanza kwa seli, kisha kwa panya.

Kuhusu muthiga, ufunguzi mkubwa ulitokana na utafiti wa wadudu. Mwaka 1976, Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao, waliohusiana na kituo cha ICIPE jijini Nairobi, walieleza kemikali waliyoiita warburganali. Viwavijeshi walikataa kula majani yaliyopakwa kemikali hiyo. Jamaa yake, poligodiali, imeonekana katika maabara kuzuia kuvu aina ya Candida albicans. Lakini ukali huo huo ndio kikwazo: kemikali hizi huungana kwa urahisi na protini, na hazibagui sana kati ya kimelea na mwenyeji wake. Kuua kuvu katika sahani ni rahisi kuliko kumponya mtu.

Wakati maabara zikipima, mahitaji ya gome yanaendelea. Mti uliochunwa gome pande zote hukauka. Ndiyo sababu watafiti wameyageukia majani, ambayo yamebainika kuwa na baadhi ya kemikali za jamii hiyo hiyo. Viwango vyake, hata hivyo, si lazima vilingane na vya gome, hivyo dondoo la majani hulazimika kupimwa upya tangu mwanzo.