Rubani wa Nyika, si Rubani wa Kichakani

Katika migahawa ya mtaa wa Baohan, hapa Xiaobei mjini Guangzhou, wafanyabiashara wa Kariakoo wanaosubiri mzigo wao ufungwe huua jioni kwa vipindi vya kazi za hatari: wavuvi wa kaa wa Deadliest Catch, madereva wa malori ya barafuni, na marubani wa Flying Wild Alaska, kipindi kilichorushwa na Discovery mwaka 2011 na 2012. Kuna tafsiri ya "bush pilots" inayozunguka simuni ikiwaita mashujaa wa kipindi hicho "marubani wa kichakani". Kichakani huingia nyoka, mwizi, na msafiri aliyebanwa na haja. Rubani akitua kichakani, ameanguka.

Mimi nasema rubani wa nyika. Barua yangu kwa kamati fulani ya istilahi haijajibiwa. Nadhani wajumbe walizama katika ajenda ya posho.

Tuanze na rubani mwenyewe. Neno tumelipata kwa Waarabu, na wapo wanaolirudisha hadi Kiajemi: rah, njia, na ban, mlinzi. Mlinzi wa njia! Kabla ya kupanda angani alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa miamba, nyota na pepo za msimu. Tena mji huu anaujua. Mabaharia Waarabu wa karne ya 9 waliuita Khanfu, na mnara wa msikiti wa Huaisheng, usio mbali na hapa, unasimuliwa kuwa uliwaongoza kuingia bandarini. Neno lenye nasaba hiyo linafungwa kichakani!

Mshindani wangu mmoja, mtu wa kamusi, anadai nyika haina theluji. Je, wakazi wa Mombasa walipoliita bara la nyuma yao Nyika, walipima majani yake? Na watafsiri wa Biblia waliomweka Yohana Mbatizaji nyikani, walidhani Yudea ni Tsavo? Nyika ni mahali ambapo watu ni haba na njia ni ya kutafuta. Alaska inaingia bila kubisha hodi.

Televisheni inakipenda kichaka kwa vurugu zake. Muziki unapanda, rubani anakaza meno, kisha tangazo la biashara. Hesabu hazionyeshwi: uzito wa mzigo, urefu wa kiwanja, joto na mwinuko vinavyolinyima bawa nguvu. Marubani wa AMREF, iliyoanza mwaka 1957 kwa kuwarusha madaktari kutoka Nairobi, wanaishi kwa hesabu hizo. Jim Tweto, baba wa familia iliyoonyeshwa katika Flying Wild Alaska, alikufa katika ajali ya ndege Juni 2023, miaka mingi baada ya kamera kuondoka. Wachina, kwa hekima yao, huviita vipindi hivi zhenrenxiu, onyesho la watu wa kweli: wanaapia watu, tukio hawaliapii.

Matumizi: rubani wa nyika, marubani wa nyika, urubani wa nyika. Basi.

Nanyi mnaotia sauti vipindi hivi kwa Kiswahili, kiondoeni kichaka kabla hakijaota mizizi kamusini.