Vitabu Vilivyotoroshwa Usiku: Funzo la Timbuktu kwa Kijana wa Kiislamu



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi wa Ramadhan, mwezi ulioteremshwa Qur'an. Sote twajua kwamba wahyi wa kwanza kumshukia Mtume wetu (S.A.W.) ulianza na amri ya kusoma. Lakini je, umewahi kujiuliza ile Qur'an unayoifungua baada ya Taraweh, au unayoisoma kwenye simu ukiwa ndani ya matatu, ilikufikia vipi?

Baada ya Mtume (S.A.W.) kufariki mwaka wa 632, mahafidh wengi waliuawa katika vita vya Yamama. Sayyidna Umar (R.A.) akaingiwa na hofu. Akamshauri Sayyidna Abubakar (R.A.) kwamba Qur'an ikusanywe pamoja, na kazi hiyo akapewa Zayd bin Thabit (R.A.). Baadaye, wakati wa Sayyidna Uthman (R.A.), zikaandikwa nakala na kupelekwa miji mbalimbali. Angalia hekima hiyo: elimu ilihifadhiwa vifuani, ikahifadhiwa katika maandishi, na nakala hazikuwekwa mahali pamoja. Leo wataalamu wa kompyuta wanafundisha jambo hilo hilo kana kwamba ni jipya!

Sasa twende Mali, Afrika Magharibi, tuone Waislamu wenzetu walivyolifanyia kazi funzo hili juzi juzi tu.

MJI WA VITABU

Timbuktu iko ukingoni mwa jangwa la Sahara, karibu na mto Niger. Baada ya Mansa Musa kwenda Hijja mwaka 1324, msikiti mkubwa wa Djinguereber ulijengwa hapo. Kufikia karne ya 15 na ya 16, misafara ilileta chumvi na dhahabu, na vitabu pia vilikuwa biashara yenye faida kubwa. Wanafunzi walisoma kwa mashekhe majumbani na misikitini, Sankore ukiwa mmoja wao. Walinakili fiqhi, nahau, tiba, falaki, hata barua na hati za biashara. Vingine viliandikwa kwa Kiarabu, na vingine kwa lugha za wenyeji kwa kutumia herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili.

Mwanachuoni mkubwa wa mji huo alikuwa Ahmed Baba (1556–1627). Jeshi la Morocco liliiteka dola ya Songhai mwaka 1591, na mwaka 1593 yeye na jamaa zake wakakamatwa, kisha wakapelekwa Marrakesh. Alilalamika kwamba amepotezewa vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko za jamaa zake! Hakurudi kwao mpaka 1608.

Wakati wa ukoloni wa Ufaransa, familia nyingi zilificha vitabu. Wengine walivifukia mchangani, wengine wakavifungia ndani ya masanduku. Mwaka 1973 ikaanzishwa taasisi yenye jina la Ahmed Baba ili kuvikusanya. Kuanzia 1984, kijana mmoja aitwaye Abdel Kader Haidara alikuwa akizunguka vijijini kwa niaba ya taasisi hiyo, akiwabembeleza wazee wamwonyeshe vitabu vyao. Kazi hiyo haikuwa rahisi. Utampaje mgeni amana ya babu yako?

MASANDUKU YA CHUMA

Aprili 2012, makundi yenye silaha yaliiteka Timbuktu. Baadhi yao walidai wanasimamisha sheria ya Kiislamu, wakayabomoa makaburi ya mawalii wa mji. Mmoja wao alikuja kuhukumiwa kifungo cha miaka tisa na mahakama ya The Hague mwaka 2016. Haidara na wenzake waliona mapema kwamba vitabu navyo viko hatarini.

Wakanunua masanduku ya chuma, yale yale ambayo wanafunzi wetu wa bweni huenda nayo shule. Usiku, vitabu vikatolewa maktabani vikasambazwa katika nyumba za watu. Kisha vikasafirishwa kidogo kidogo, kwa mikokoteni ya punda, magari na mitumbwi ya mto Niger, mpaka Bamako, mji mkuu, takriban kilomita 1,000. Waliohusika ni madereva, mabaharia, walinzi na akina mama wa nyumbani. Wangekamatwa, wangeadhibiwa vikali. Waokoaji wenyewe husema waliokoa vitabu zaidi ya 350,000. Wako watafiti wanaoona idadi hiyo ni kubwa mno. Hata ikipunguzwa, kazi yao ni ya kupigiwa mfano.

Januari 2013, kabla ya kukimbia mji, wapiganaji waliwasha moto katika jengo jipya la taasisi ya Ahmed Baba. Inakadiriwa vitabu 4,000 viliungua au vikapotea. Hebu fikiri, ndugu yangu: vitabu vya Kiislamu vimechomwa na watu waliojiita watetezi wa Uislamu. Huo ndio msiba wa kuwa na bendera ya dini bila ya elimu yake.

KAMERA NA KOMPYUTA

Huko Bamako hatari mpya ikatokea. Hewa ya Timbuktu ni kavu, ya Bamako ina unyevu, na unyevu huleta kuvu juu ya karatasi. Kwa hiyo vitabu vikasafishwa na kuwekwa ndani ya maboksi maalumu. Kisha ikaanza kazi ya kupiga picha ukurasa mmoja mmoja. Washirika wakubwa wa kazi hiyo ni maktaba ya HMML, ambayo asili yake ni monasteri ya Kikatoliki huko Minnesota, Marekani. Mwaka 2022 kurasa zaidi ya 40,000 zikawekwa pia kwenye mtandao wa Google. Na mwezi wa Agosti 2025, serikali ya Mali ikaanza kuvirudisha vitabu vya taasisi ya Ahmed Baba nyumbani kwake, Timbuktu.

Basi leo kijana aliye Malindi anaweza kufungua kitabu cha Timbuktu kwenye simu yake. Mashallah! Lakini tusidanganyike. Picha si elimu. Mashekhe wetu hawakutosheka na kunakili tu. Nakala ililinganishwa na asili yake, mwanafunzi akaisoma mbele ya mwalimu, ndipo akapewa ijaza. Kompyuta ni mnakili hodari, hachoki wala haruki mstari. Lakini haelewi anachonakili mpaka apatikane wa kusoma.

Na kompyuta nayo hufa. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wezi wa mtandaoni, na picha zake za vitabu vya kale zikawa hazipatikani kwa miezi mingi. Jambo hili linatuhusu sisi. Upigaji picha wa vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulifadhiliwa kupitia maktaba hiyo hiyo, na maandishi mengi ya Kiswahili cha kale yamo London, katika chuo cha SOAS.

NA SISI JE?

Nyumba ngapi za Lamu, Pate, Siyu na Mombasa zina kasha lenye vitabu vya marehemu babu? Vinaliwa na mchwa, au siku ya kuhama vinatiwa gunia. Watu wa Timbuktu walihatarisha maisha yao. Sisi hatuna anayetuzuia ila uvivu wetu.

Wewe uliyesoma madrasa unazijua herufi za Kiarabu. Kiswahili ni lugha yako. Simu unayo mfukoni. Wangapi duniani wana vitu hivyo vitatu pamoja? Basi fanya hivi:

1. Taka ruhusa ya wazee kwanza. Kitabu ni amana, na picha zake pia ni amana.
2. Nawa mikono, uikaushe. Usikilazimishe kitabu kufunguka.
3. Piga picha kwa mwanga wa dirishani, bila ya flashi, kuanzia jalada mpaka mwisho, hata kurasa tupu.
4. Andika jina la mwenye kitabu, mji, na aliyekinakili kama ametajwa.
5. Weka nakala mahali pawili au patatu tofauti. Usitegemee WhatsApp peke yake, maana picha hupunguzwa ubora.
6. Kaa na mzee au ustadhi mkisome pamoja. Hili ndilo kubwa kuliko yote.

Ramadhan hii, baada ya Alasiri, badala ya kupitisha saa nzima ukitazama vichekesho kwenye simu ukingoja adhana ya Maghrib, muulize bibi kasha lile lina nini. Huenda ukakuta jina la babu wa babu yako limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwengine nyumbani anayeweza kulisoma ila wewe.

Allah (S.W.) azikubali saumu zetu, awarehemu waliotuandikia, na atujaalie kuwa warithi wema wa elimu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.